Milango ya Stesheni ya Kumi na Tisa

Siku ya kumi na moja tangu kiwanda cha magari kufungwa, saa moja na nusu asubuhi, fundi wa milango aliyeitwa Bawaba alikuwa mezani kwake akinywa chai ya rangi. Alikuwa amevaa ovaroli ya kazi, imepigwa pasi, ingawa hakuwa na pa kwenda. Mbele yake mama mkwe wake alikuwa akitafuna mkate huku akimkazia macho, na ilikuwa wazi kwamba mkate ule ulikuwa unatafunwa badala ya mtu fulani.

Ndipo ikapigwa hodi.

"Fungua," alisema mama mkwe. "Kama wamekuja kukuzomea, waambie wasubiri nimalize kula. Nami nataka kuwepo."

Mke wa Bawaba aliacha cherehani akaenda kufungua. Nje alikuta mlango wa gari. Ulikuwa mlango wa mbele, wa kushoto, mweupe, wenye kioo chake cha pembeni, na tope lilikuwa limeupanda mpaka kwenye kitasa. Ulikuwa umebisha kwa kona yake ya chini na ulikuwa unajiandaa kubisha tena.

"Nani?" aliuliza mama mkwe.

"Mlango," alijibu mke wa Bawaba.

"Basi uingie. Lakini ujifute, nimedeki sasa hivi."

Mlango ulijifuta ukingo wa chini kwenye gunia la kizingitini, ukaingia, ukaegemea ukuta kando ya kabati la vyombo, ukatulia. Haukusema kitu, kwa sababu milango haisemi.

Hapa inabidi kueleza habari ya ripoti. Siku kiwanda kilipofungwa, karatasi moja ilibandikwa kwenye geti kubwa, na watu elfu nne waliokuwa hawana kazi tena walipanga foleni kuisoma. Ilikuwa na mistari tisa. Mitano ya kwanza iliwashukuru watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mstari wa sita ulisema: "Sababu ya kufungwa kwa kiwanda ni milango iliyowekwa vibaya na fundi wa stesheni ya kumi na tisa." Mistari mitatu ya mwisho iliwatakia wote afya njema. Chini kulikuwa na muhuri.

Stesheni ya kumi na tisa, pale milango ilipofungwa bolti, ilikuwa na fundi mmoja tu.

Tangu siku ile mtaa ulimtendea Bawaba kama ulivyoona inafaa. Muuza mkate alimuuzia mkate wa juzi na kumwambia ni wa juzi. Watoto walimwimbia. Kinyozi, ambaye zamani alikuwa mpaka rangi kiwandani, alimnyoa upande mmoja wa kichwa, akakung'uta shuka, akamwambia duka limefungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi na watu sita walikuwa wanasubiri zamu. Bawaba alishukuru akaenda zake, na tangu hapo alikuwa na nywele upande wa kulia.

Hakutaka kurudishiwa kazi. Alijua kazi imekwisha kama wengine walivyojua. Alichotaka ni mstari wa sita ufutwe. Mara mbili alikwenda getini na kitambaa kibichi, akaisugua karatasi, lakini ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya vioo vya mbele, ambayo kiwanda kilijivunia kwa haki. Geti lenyewe halikutikisika hata kidogo aliposugua. Alikuwa amelining'iniza yeye mwenyewe, Jumapili moja, kwa kuombwa tu, na bolti alizichagua kwa mkono wake.

Basi mlango ukawa umeegemea kabati. Saa mbili kasoro robo kifuniko chake cha ndani, kilichokuwa kimelegea njiani, kilibanduka kikaangukia sufuria, na bati la ndani likaonekana. Lilikuwa limeandikwa kwa chaki ya manjano, mwandiko wa Bawaba, herufi zimesimama wima kama wanafunzi wa bweni mwalimu wa zamu akipita: "Bolti fupi. Zimepungua milimita nne. Mkaguzi aangalie."

Mama mkwe aliisoma kwa sauti, akaweka mkate chini.

"Haya uliandika wewe, mkwe?"

"Mimi, mama."

"Mlango huu tu?"

"Kila mlango. Tangu walipobadilisha bolti. Miaka mitatu."

"Na hata siku moja hukutuambia hapa nyumbani!"

"Hapa nyumbani hakuna mkaguzi, mama."

Hilo lilikuwa kweli, na ndio uliokuwa utaratibu. Fundi akiona kasoro asisimamishe mkanda unaopitisha magari, asipige kelele, wala asipande ofisini na viatu vya grisi. Aandike kwa chaki ndani ya mlango. Kati ya stesheni ya kumi na tisa na ya ishirini aliketi mkaguzi, kwenye stuli, na kazi yake ilikuwa kusoma chaki kabla mlango haujafunikwa. Akisoma jambo baya, anapuliza filimbi na mkanda wote unasimama.

Miaka mitatu nyuma, wiki ile ile bolti zilipobadilishwa, nafasi ya mkaguzi ilifutwa. Tangazo lilibandikwa ghorofani, kwenye ujia wenye zulia, ambako watu wa viatu vya grisi hawakuruhusiwa kupita. Mkaguzi mwenyewe aliondolewa haraka kiasi kwamba aliacha koti lake la bluu limetundikwa kwenye stuli na kofia juu yake. Kwa mtu aliye stesheni ya kumi na tisa, katikati ya moshi wa kuchomelea, koti lile lilionekana kama mtu anayewaza. Kila asubuhi Bawaba aliliamkia. "Shikamoo, mkaguzi." Koti halikuitikia. Hakuona ajabu. Mkaguzi naye alikuwa haitikii.

Mchana ule milango ilikuwa imefika kumi na minne. Kufika Jumatano ilikuwa haihesabiki, na sebule ilipojaa ikaanza kupanga foleni nje, kwa kufuata tarehe ya kutengenezwa, ya zamani mbele. Ilikuja kwa barabara kuu, ikipita pembeni kwa adabu. Askari wa barabarani aliusimamisha mmoja uliovuka penye taa nyekundu, akauachia kwa onyo. Kinyozi alitoka akalalamika kwamba foleni inaziba duka lake, na milango ikahamia upande wa pili. Mtaani hakuna aliyeshangaa. Watu waliokaa siku kumi na moja bila kazi hupenda kuona chochote kinachofika kwa wakati.

Kila mlango ulipofika mbele ya nyumba uliangusha kifuniko chake. Alhamisi mtaa mzima ulikuwa umeandikwa chaki, na majirani wakatoka kusoma, mikono nyuma, kama wakaguzi. Bolti fupi. Bolti fupi. Mkaguzi aangalie. Mkaguzi, bado ni fupi. Tarehe. Tarehe. Mlango mmoja uliandikwa: "Mkaguzi, pole na msiba. Bolti fupi."

Bawaba alisimama kizingitini na nusu yake ya nywele. Kwa mara ya kwanza alijiruhusu kufikiri kwamba sasa mambo yatakaa sawa.

Kisha muuza mkate akagundua mwandiko wa pili. Haukuwa kwenye kila mlango, lakini ulikuwa kwenye mamia. Chini ya chaki ya manjano kulikuwa na chaki nyekundu, ya haraka, imelala upande: "Nimeangalia. Safi sana. Mkaguzi." Na pembeni kulikuwa na kijisura kilichovaa miwani.

Kijisura kile kilijulikana. Kilikuwa kwenye milango yote ya vyoo vya kiwanda, kwenye kuta za kantini na, wakati mmoja, kwenye kisogo cha msimamizi aliyesinzia. Mchoraji wake alikuwa Kifuniko, wa stesheni ya ishirini, kaka wa mke wa Bawaba. Ndiye aliyefunika milango. Ndiye pia aliyeongoza kuzomea tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri na nafasi ya kutosha.

Aliitwa akaja, anatafuna mua.

"Shem," alisema Bawaba. "Ni wewe?"

"Ndiyo mimi, shem."

"Ulikuwa unasoma?"

"Yote. Sikuacha hata mmoja. Kule kazi ilikuwa inachosha bwana. Sekunde tisini, kifuniko. Sekunde tisini, kifuniko. Wewe ndiye uliyekuwa unanichangamsha. Ule wa pole na msiba nusura nijipige misumari."

"Ungemwambia mtu."

"Nani? Koti?"

Mtaa ukacheka. Haukuwa umecheka tangu kiwanda kufungwa, na ulikuwa na akiba kubwa. Kinyozi alicheka mpaka akaegemea mlango wa nyuma wa kulia. Watoto walicheka bila kujua kwa nini. Mtu mmoja, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema, alisema, "Shikamoo, mkaguzi," na ikabidi wamshike asianguke.

"Ulijua ni koti?" aliuliza Bawaba vicheko vilipopungua.

"Kila mtu alijua ni koti, shem. Kiwanda kizima. Tulikuwa tunakuja zamu ya asubuhi mapema kukuona ukiliamkia."

Mke wa Bawaba alitoka na mkasi wa kukatia vitambaa. Alimwambia kaka yake aondoke mbele ya nyumba yake. Kifuniko akasogea hatua mbili, akaendelea na mua.

"Angalau huyu ana utani," alisema muuza mkate, na watu wakampigapiga Kifuniko mgongoni. Kisha wakamgeukia Bawaba wakamtazama vile vile walivyomtazama Jumatatu. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Kifuniko alitajwa na milango, Bawaba alitajwa na ripoti, na ripoti ilikuwa na muhuri.

Ijumaa alifika mwanamke mmoja, mwalimu, mkono wake wa kulia ukiwa kwenye plasta. Alikuwa akiendesha gari dogo jeupe lisilo na mlango wa dereva. Mlango wake ulikuwa umejibandua alfajiri ukaondoka, naye akaufuata kwa nyuma siku nzima, kwa gia ya pili, akitumia mkono mmoja. Aliegesha, akaupata kwenye foleni, akausoma. Alisoma taratibu, kama anayesahihisha. Kisha akamwendea Bawaba.

"Mlango huu ulifunguka wenyewe kwenye kona," alisema. "Mwezi wa pili. Nilitoka nao."

"Pole sana, mwalimu."

"Uliandika."

"Niliandika."

"Ndani."

"Ndani, mwalimu. Ndiyo utaratibu."

"Kwa nini hukuandika nje?"

Bawaba alifikiri. Aliwaza swali lile kwa uaminifu, kama alivyofanya kazi zake zote.

"Nje ni ya wapaka rangi," alisema.

Mwalimu hakumtukana. Watu waliokuwepo walisema baadaye kwamba ingekuwa afadhali angemtukana. Aliingia ndani ya gari, akajifunga mkanda na kuondoka upepo ukimpiga ubavuni. Mlango wake haukumfuata. Aliuacha pale na hakugeuka nyuma.

Jumamosi mama mkwe alimkuta Bawaba ameketi kati ya milango, ameishika chaki.

"Mkwe," alisema, "mimi sikupendi. Unajua hilo."

"Najua, mama."

"Nilimwambia binti yangu aolewe na mtu wa injini. Lakini huu mstari wao ni uongo. Nenda kawaambie. Na uvae kofia, unatia aibu."

Hakukuwa na haja ya kwenda. Jumatatu walikuja wenyewe, meneja na wakili wa kampuni, ndani ya gari refu jeusi lililotengenezwa kiwanda kingine. Wakili alitembea foleni nzima akipiga picha. Meneja alibaki karibu na gari kwa ajili ya viatu vyake. Mke wa Bawaba aliwatolea viti, akaviweka juani.

"Milango hii ni mali ya kampuni," alisema wakili alipomaliza.

"Sikuiita," alisema Bawaba. "Ilikuja."

"Tumeelewa. Hatukulaumu kwa hilo."

"Basi mmesoma?"

"Tumesoma," alisema meneja. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa. "Mwandiko wako ni mzuri sana. Nilikuwa sijui tuna watu wanaoandika hivi."

"Basi mnajua bolti zilikuwa fupi."

"Lakini hilo linajulikana, mzee wangu. Zilikuwa fupi kwa sababu tuliagiza fupi. Barua ya kuagiza niliisaini mimi." Alisema hivyo mbele ya mtaa mzima, bila kupunguza sauti. Kinyozi alisikia. Muuza mkate alisikia. Kifuniko alisikia akatema kapi la mua.

"Basi naomba kitu kimoja tu, bosi," alisema Bawaba. "Mstari wa sita. Ufutwe."

Meneja na wakili walitazamana kama wazazi walioombwa mtoto wa simba.

"Mstari wa sita ndio wenye sababu," alisema wakili. "Tukiufuta, kiwanda kitakuwa kimefungwa bila sababu."

"Andikeni sababu nyingine. Andikeni bolti."

"Bolti hazina stesheni. Ripoti inataka kitu chenye stesheni."

"Na koti je? Na stuli?" alidakia mama mkwe kutoka dirishani. "Mlimtoa mkaguzi mkaacha koti!"

"Koti lilikuwa mali ya mkaguzi, mama," alisema wakili. "Tulimwandikia aje kulichukua." Akamgeukia Bawaba. "Halafu kuna jambo dogo la utaratibu. Malalamiko yanatakiwa yajazwe kwenye fomu. Hii ni chaki."

"Tulipewa chaki."

"Ndiyo. Lakini si fomu."

Meneja alisimama, akamshika Bawaba bega, akamwambia kwamba binafsi anamheshimu sana na kwamba kama ingekuwa juu yake peke yake angefikiria. Ilikuwa juu yake peke yake. Kisha akaufunga mlango wa gari lake refu jeusi, na mlango ukatoa mlio mmoja tu, mfupi, wa kushiba, mlio wa bolti zenye urefu wake kamili. Bawaba aliusikia akafumba macho kidogo. Hakuweza kujizuia.

Gari lilipoondoka, watu waligeuka kumtazama. Walikuwa wamesikia yote, neno kwa neno, na sasa walilazimika kufanya jambo nalo.

"Ungeandika kwenye fomu," alisema muuza mkate hatimaye.

"Fomu zilikuwa ghorofani," alisema Bawaba.

"Ungevua viatu," alisema kinyozi, na wengi wakaona kwamba hiyo ni hoja.

Baada ya hapo milango ikaanza kutumika. Kampuni iliandika barua moja kusema itakuja kuichukua, haikuja, na mtaa haukuwa na tabia ya kuacha vitu vizuri vikae bure. Muuza mkate alitengeneza meza. Mafundi wa injini walizungushia banda la kuku, lenye madirisha ya kupanda na kushuka. Kinyozi alichukua sita kwa ajili ya vioo vya pembeni, na hakuomba. Wateja wake sasa waliweza kuona visogo vyao, na chini ya kila kioo, wakiinama kidogo, waliweza kusoma "Mkaguzi aangalie." Upande wa kushoto wa kichwa cha Bawaba ulianza kuota tena. Alipokwenda kusawazishwa aliambiwa duka limefungwa.

Wiki ya tatu, saa tisa alasiri, lilikuja geti.

Lilisikika kabla halijaonekana. Mabawa yake yote mawili, ya chuma, yalikuwa yakikwaruza lami, na kuku wa mafundi wa injini walipandisha madirisha. Watu walilipisha njia. Geti lilipita muuza mkate, likapita kinyozi, likafika mbele ya nyumba ya Bawaba likasimama pale kizingitini, bawa huku na bawa huku. Likajikita mahali pake, kana kwamba ukuta ule ulikuwa umelingoja. Mlango wa zamani wa nyumba ulijitoa ukaegemea pembeni, kwa heshima. Usoni, upande wa barabarani, ripoti ilikuwa bado imebandikwa. Mvua ilikuwa imeifuta mistari mitano ya kwanza na mitatu ya mwisho. Mstari wa sita na muhuri vilikuwa vizima.

Bawaba alitoka na kisanduku cha vifaa. Kwanza alijaribu kuibandua karatasi, lakini gundi ilikuwa ile ile. Kisha akakagua bawaba zote nane, moja moja, akazitia mafuta. Alilisukuma bawa moja kwa kidole, likaenda, likarudi, likafunga. Mlio mmoja tu. Bolti zilikuwa ndefu, zimekaza, alizozichagua mwenyewe. Geti lile lisingetoka pale maisha yake yote.

"Tutalitoa?" aliuliza mkewe.

"Halitoki," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo.

Nyuma ya geti, kwa mwendo wa pole, ilikuwa imefika stuli. Ilikuwa na koti la bluu na kofia juu yake. Ilichagua nafasi sebuleni, hatua mbili kutoka getini, ikakaa.

Mama mkwe alitoka jikoni akasimama mbele ya koti. Akaiinua kofia, akatazama chini yake. Hakukuwa na kitu. Akairudisha kofia mahali pake, akarudi jikoni kupika.

Bawaba alichukua chaki ya manjano mfukoni, akazunguka upande wa ndani wa geti na kuanza kuandika, herufi zimesimama wima: "Mstari wa sita si kweli."

Mkewe alikuwa nyuma yake.

"Mume wangu, unaandika ndani tena?"

"Nje kumeshaandikwa."

Alimaliza, akaweka tarehe, akafikiri, akaongeza: "Mkaguzi aangalie." Kisha akaipangusa mikono kwenye ovaroli, akaligeukia koti.

"Shikamoo, mkaguzi," alisema.

Koti halikuitikia. Upande wa pili wa geti kinyozi alikuwa amesimama na mgeni mmoja aliyepita njia, anayeuliza nyumba hii yenye geti kubwa hivi ni ya nani. Kinyozi aliweka kidole kwenye karatasi, akamsomea mstari wa sita taratibu, mpaka mwisho, na alipofika kwenye muhuri akausoma pia.